Pijo la Baba na Fundi Asiyesema Kesho

Fundi hakuwahi kuniambia kesho. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibiti, na nimeshapeleka kazi kwa mafundi wa kila aina: wa cherehani, wa redio, wa paa, wa makochi. Wote, Mungu awasamehe, waliniambia njoo kesho, na kesho nikaenda, na nikaikuta nguo yangu bado ni kitambaa. Lakini yule wa magari, mwenye banda la mabati nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ukimuuliza gari litakuwa tayari lini alikuwa anafuta mikono kwenye tambara, anakutazama kama umemuuliza siku atakayokufa, kisha anasema, "Likiwa tayari utaliona." Basi. Hapo hata ungelia, hupati neno jingine.

Sasa hayupo. Na wanaonisimamisha njiani kuniambia pengo lake halizibiki ni walewale waliokuwa wakimtukana.

Walimtukana kweli. Namkumbuka dereva mmoja wa Noah, abiria wake wamekaa kwenye mawe wanajipepea kwa kanga na vipande vya boksi, yeye anazunguka gari huku na huku. "Mzee, nitie moyo basi. Sema hata inshallah saa kumi."

"Inshallah ni neno la Mungu," Fundi akamjibu kutoka chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. "Usinipe nifunikie uongo wangu."

"Sasa abiria niwaambie nini?"

"Waambie gari bovu. Kwani hawalioni?"

Abiria wakacheka, dereva akanuna. Gari likatoka saa nane na nusu. Hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi, kwamba mara nyingi alimaliza mapema kuliko ambavyo mwongo yeyote angeahidi, na bado hakukubali kuahidi.

Kwao ni Kiongoroni, huko delta karibu na bahari, ambako hakuna barabara wala gari la kuazima. Alianza kwa kuunda vyombo vya majini. Alivyohama kutoka kwenye msumeno akaja kwenye spana sikupata kuambiwa vizuri; ukimuuliza alisema njaa haichagui mlango, akaishia hapo. Lakini uundaji wa vyombo haukumtoka. Futi kamba hakuigusa. Alipima kwa shubiri, na shubiri yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo mchomeleaji wa jirani alipokata chuma kwa vipimo vya Fundi, chuma kilizidi kila mara, nao wakagombana kila mara. Chesisi ya gari aliiita mkuku, kama ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. "Mkuku umeoza, wewe unataka rangi ya kung'aa," aliwaambia wateja. "Unampaka maiti wanja."

Na hakujua kuendesha gari. Ndiyo, cheka, mimi mwenyewe nilicheka nilipogundua. Mtu ambaye angeshusha injini na kuipandisha akiwa amefumba macho, ukimpa usukani anakurudishia funguo. Wateja walilazimika kulijaribu gari wenyewe, yeye amesimama kando ya barabara ameinamisha kichwa, anasikiliza. Gari likipita alikuwa ananyoosha mkono: mbele, simama, rudi. Tena basi lilimtapisha. Safari ya Kibiti hadi Dar kwake ilikuwa adhabu, na nadhani katika miaka yote niliyomjua aliifanya mara moja tu. Hiyo nitaisema.

Nilimjua kwa sababu ya Pijo.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mpunga Mohoro, na alikuwa na Pijo 404, pikapu, rangi ya maziwa. Wakati huo daraja halijajengwa, mto unavukwa kwa pantoni pale Ndundu, na baba akitoka Dar alikuwa anaweza kulala ng'ambo akisubiri zamu. Kwa hiyo hatukujua atafika lini. Tulijua amefika kwa kusikia. Pijo lile lilikuwa na kigugumizi kidogo likipunguza mwendo kwenye kona ya msikiti, halafu linanyooka, na mama akikisikia kigugumizi tu alikuwa anatia sufuria la maji ya kuoga motoni. Sisi watoto tunatimka. Sijawahi kumkimbilia mtu tena vile.

Kisha mafuriko ya mwaka mmoja yakaingia ndani ya banda la gari hadi kwenye viti, na Pijo likafa. Likakaa miaka. Kuku wakatagia ndani. Baba alipozeeka na biashara akaiacha, akaingiwa na wazimu mmoja tu: akalipakia lile kopo kwenye lori akalileta Kibiti kwa Fundi. Wakaanza kulifufua wote wawili, kila Ijumaa baada ya sala, wazee wawili wamejifunga misuli, wanabishana. Baba alitaka lirudi kama lilivyotoka dukani. Fundi alitaka lisioze tena. Fundi alimwita baba tajiri, kama mafundi wanavyowaita wenye kazi, na baba alimwita Fundi, na mimi nikaichukua desturi hiyo, nikamwita hivyohivyo hadi mwisho.

Kisa cha mafuta ya papa ni cha wakati huo. Vyombo vya majini hupakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa, ili mbao zisinywe maji. Fundi akaona mkuku wa Pijo nao upakwe, na kwa kweli kutu ilikoma. Tatizo ni kwamba hakuishia hapo. Akapaka na raba za milango, ati zisikauke. Baada ya wiki mbili raba zimevimba kama maandazi, milango haifungi, na gari linanuka ufukwe wa wavuvi. Paka wote wa Kibiti walihamia pale. Baba alikasirika, akasema, "Nimekuletea gari, umenirudishia ngalawa!" Fundi hakujitetea. Akasema, "Nimekosea," akakaa chini, akazitoa raba zote moja moja kwa kisu. Ndiyo mara pekee niliyomsikia mwanamume mzima akisema nimekosea bila kuongeza lakini.

Baba akaugua. Tukampeleka Dar, akalazwa. Huko ndiko Fundi alikokuja kumwona, kwa basi, na aliposhuka uso wake ulikuwa wa kijivu. Aliingia wodini peke yake, akatoka baada ya muda mfupi, akakaa chini akiegemea ukuta wa hospitali. Nilimpa chai akaikataa. Nikampa maji akayashika tu. Nikasema moyoni, maskini, ni basi hilo. Jioni ile baba alikunywa uji bakuli zima, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa siku nyingi, sisi tukamshukuru Mungu. Siku ya tatu akafariki.

Baada ya arobaini ndugu zangu walikaa kugawana. Wakagawana mashamba, wakagawana nyumba, ilipofika zamu ya Pijo wote wakatazama dari. Kaka yangu mkubwa akasema liuzwe chuma chakavu. Nikasema nipeni mimi. Wakanipa haraka mno, nikajua nimepewa mzigo. Sikuwa na haja ya gari. Lakini sikilizeni: picha za baba ninazo. Kanzu yake ninayo, na miwani, na tasbihi. Sauti sina. Hatukumrekodi hata neno moja. Sauti pekee ya baba iliyokuwa bado inaweza kurudi duniani ilikuwa imelala kwenye jamvi katika banda la Fundi, vipande vipande, pistoni huku, valvu kule, na nilitaka kuisikia mara moja tu.

Nilipokwenda kumwambia kwamba gari sasa ni langu, nilidhani ataniambia nilichukue niondoke. Akaniuliza, "Unajua kushika spana?"

"Mimi mwalimu, Fundi."

"Sijakuuliza kazi yako."

Ndivyo nilivyoanza kwenda Jumamosi. Alikuwa mwalimu mbaya sana, na nasema hivyo kama mtu anayeijua kazi hiyo. Haelezi. Anakupa kitu, anakutazama unakiharibu, anakinyang'anya, anakitengeneza taratibu mbele ya macho yako, anakiharibu tena makusudi, anakurudishia. Nikimuuliza swali alisema, "Macho yako yako likizo?" Akikasirika sana alihamia kwenye Kindengereko, na hayo sitayatafsiri. Lakini nilipoweza kupanga pointi, vile vichuma vinavyopeleka moto kwenye plagi, kwa kutumia kipande cha jalada la daftari la mwanafunzi, aliinama akatazama, kisha akaenda kuninunulia maandazi mawili kwa mama wa jirani. Kwake hiyo ilikuwa shahada.

Alikuwa bahili wa sukari, mkarimu wa chai. Alikuwa na meno machache na aliyasugua mara tano kwa siku, kabla ya kila sala. Saa ya sala ikifika aliliacha gari juu ya jeki na mwenye gari amesimama, hata awe bwana mkubwa kiasi gani. Aliwachukia watu wanaopiga honi, na wateja aliwajibu kwa mkato, lakini na injini alizungumza kwa adabu. "Hebu, mama," aliiambia, "hebu sogea kidogo." Mimi hakunipa adabu hiyo hata siku moja.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kazi ya Pijo hakutaka malipo. Kila nikiligusa jambo hilo alibadili mazungumzo, akaanza kusema habari za mvua. Tena Pijo ndilo gari pekee lililomharakisha. Kwa magari ya wengine neno lilikuwa lilelile, likiwa tayari utaliona. La kwetu alilirudia hata siku za mapumziko, nikipita namkuta amelikodolea macho. Vipuri vyake havipatikani, vingine vilitoka Morogoro, vingine alivichonga mwenyewe, bodi la nyuma akaliunda kwa mbao kwa ufundi wake wa zamani, halina msumari unaoonekana. Nikawa najiambia, mapenzi ya kazi haya. Nikawa najisifu pia kidogo, kwamba mwanafunzi nampendeza.

Miaka ikapita hivyo. Injini ikarudi mahali pake. Ikawa imebaki kabureta, kupanga moto, na kuwasha. Ndipo Fundi akaanza kukohoa kikohozi kisichoisha, mikono ikaanza kumtetemeka, na siku moja akadondosha spana mara tatu kwa saa moja. Akaiokota ya mwisho, akaiweka mkononi mwangu.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema. "Nakwenda nyumbani. Umalizie."

"Nimalizie peke yangu? Fundi, siwezi."

"Huwezi, au hutaki kuharibu?"

Jibu alilijua. Binti yake akaja kumchukua, wakaenda Nyamisati, wakapanda boti. Nami nikafunga banda, nikaweka ufunguo kwenye pochi, na sikulifungua kwa miezi minne. Nilisema ni mitihani ya darasa la saba. Nilisema ni mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa. Gari lisilowashwa bado lina sauti ya baba ndani yake. Likikataa, nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

Binti yake akanipigia simu kwamba hali si nzuri na ananiulizia. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Nyamisati, nikakaa kwenye boti la injini katikati ya magunia ya unga na madumu ya mafuta, tukapita kwenye vijito vya mikoko hadi Kiongoroni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta barazani kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo. Binti yake akaniwekea kigoda, akaingia ndani kupika chai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Limewaka?"

Hata hali sijamuuliza, hata pole sijasema. Nikamtazama alivyokonda, mifupa ya shingo inahesabika, nikasema, "Limewaka, Fundi. Jumamosi iliyopita. Tena kwa kuzungusha hendeli, mara ya pili tu."

Akaitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Nipe mkono."

Nikadhani anataka kunipongeza. Akauchukua mkono wangu, akaupeleka puani, akaunusa kiganja, akanusa na kucha. Akaurudisha polepole kwenye paja langu.

"Chaki," akasema. "Chaki na sabuni ya kunukia."

Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Nilitamani boti lirudi saa ileile linichukue.

"Usinifanyie hivyo," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Uongo huo naujua. Niliusema mimi kwanza."

"Uliusema kwa nani?"

"Kwa baba yako. Siku ile, hospitali. Aliniuliza neno moja tu, kama mimi nilivyokuuliza sasa hivi. Injini iko kwenye jamvi, wewe uliiona. Nikamtazama alivyokuwa, nikamwambia, limewaka, tajiri. Akacheka mpaka nesi akaja kutazama. Akaniambia nisiwaambie nyinyi watoto, akipona atalipeleka Mohoro mwenyewe, mshtukie mlio kwenye kona." Akakohoa muda mrefu. "Mimi maisha yangu yote sijampa mtu kesho. Siku moja nikampa mtu jana."

Nikakumbuka uji ule bakuli zima. Nikasema, "Ulimfurahisha, Fundi. Alikufa amefurahi. Wallahi ulimfurahisha."

"Nilimfurahisha kwa kitu ambacho hakipo, akaondoka nacho. Huko aliko anasema fundi wangu kaliwasha. Na mimi huku nalitazama kila siku limekufa. Wewe ulidhani miaka yote ile nakutengenezea wewe?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Nilikaa na uchungu wangu kidogo pale kwenye kigoda, sifichi. Halafu uchungu ukanitoka wote, nikabaki namhurumia huyu mtu aliyebeba neno moja miaka yote ile, akililipia kwa mikono yake, Jumamosi hadi Jumamosi.

"Nenda," akasema. "Na usije kunihadithia. Nataka kulisikia."

Nilirudi Kibiti kwa boti la asubuhi iliyofuata na nikaenda bandani moja kwa moja na mkoba wangu begani. Kabureta niliisafisha mara tatu. Pointi nilizipanga na jalada la daftari. Mwenye mashine ya kukoboa aliniazima betri, akasimama mlangoni na mikono yake imejaa pumba, anatazama mwalimu wa watoto wake amelala chini ya gari. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili likapiga chafya moja, likatema moshi, nikaruka nikajigonga kichwa. Siku ya tano, Jumamosi, niliingiza hendeli, nikasema hebu mama, hebu sogea, nikazungusha kwa uzito wangu wote.

Likawaka.

Siwezi kuueleza vizuri mlio ule. Bati lote la banda lilitetemeka. Nilipopunguza mafuta likaingia kwenye kigugumizi, kilekile, nikajikuta nimesimama katikati ya banda, mtu mzima mwenye wajukuu, ninalia kwa sauti, na mwenye mashine anajifanya anatazama barabarani.

Nikampigia simu binti yake. Kiongoroni mtandao hushika mahali pamoja, nyuma ya msikiti, na ilibidi wambebe Fundi kwenye kiti hadi pale. Nilisubiri huku nimeliacha Pijo linawaka, naogopa lisizime, naogopa petroli isiishe, naogopa kila kitu. Simu ikalia.

"Yuko hapa," binti yake akasema. "Nimemwekea sikioni."

Nikaipeleka simu hadi kwenye boneti lililo wazi, nikaishikilia pale kwa mikono miwili hadi mikono ikachoka. Nikairudisha sikioni mwangu. Kulikuwa na upepo, na pumzi zake, nzito, za mbali.

"Pistoni ya tatu inakosa," akasema.

"Nimesikia, Fundi. Nitaishughulikia."

"Si leo. Leo liache."

Kisha nikasikia upepo tu, nikadhani amemrudishia binti yake simu. Lakini alikuwa bado ameishika, ila hazungumzi tena na mimi. Nilimsikia akisema taratibu, kwa adabu ile aliyokuwa akizipa injini tu, "Tajiri. Limewaka."